Kabla Hujalipia Kasha la Albamu za Zamani

Kila mwaka unapokaribia kuisha, kampuni za muziki za Marekani na Ulaya hutangaza makasha mapya ya albamu za zamani. Albamu iliyouzwa miaka hamsini iliyopita hurudi sokoni ikiwa na diski tano au kumi, kitabu kinene cha picha, bango la kutundika ukutani, na bei inayoweza kulipa karo ya muhula. Mpenzi wa muziki aliyeko Sigor huliona tangazo kwenye simu. Au hupigiwa na jamaa aliye Minnesota au Qatar akiulizwa aletewe nini Desemba. Mwongozo huu ni wako wewe unayejiuliza kama pesa hiyo itakwenda mahali pema. Jibu fupi ni kwamba makasha mengi hayafai kununuliwa na machache yanafaa sana, na unaweza kuyatambua kabla ya kutoa hata shilingi. Kanuni ninayoitetea hapa ni moja: lipia kazi ya kukusanya, usilipie kazi ya kufungasha. Mfano nitautoa kwa wanamuziki wa roki kwa sababu wao ndio wanaotolewa makasha mengi zaidi, lakini kanuni hiyohiyo inamhusu anayempenda Jim Reeves, Don Williams au Dolly Parton, ambao huku kwetu Bomet na Kericho wana wafuasi wengi kuliko bendi yoyote ya roki.

Kwanza elewa kwa nini kasha limetengenezwa

Muuzaji atakuambia kasha limetolewa kuadhimisha miaka hamsini ya albamu. Mara nyingi kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi kwenye kifuniko. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kurefusha ulinzi wa rekodi za muziki kutoka miaka 50 hadi 70, na nchi wanachama zikapewa hadi Novemba 2013 kuitekeleza. Sheria hiyo ina sharti: rekodi ambayo haikuchapishwa ndani ya miaka 50 tangu ilipofanywa hukosa nyongeza hiyo. Kampuni zilizokuwa na kanda za miaka ya 1960 zikirundikana ghalani zikaona hatari. Desemba 2012 Sony ilitoa huko Ulaya takriban nakala 100 tu za rekodi za Bob Dylan za mwaka 1962, na kichwa chake kilitamka wazi kwamba ni mkusanyo wa kurefusha hakimiliki. Mwaka uliofuata, Desemba 2013, rekodi 59 za Beatles za mwaka 1963 zikawekwa kwenye duka la iTunes bila shamrashamra, siku chache kabla ya muda kuisha.

Sikutajii haya ili uone kila kasha ni ulaghai. Sheria hiyo imetoa ghalani vitu vizuri ambavyo vingeozea huko. Ninachotaka ukishike ni kwamba kampuni ina sababu zake za kutoa kila ilicho nacho, na sababu hizo si lazima zifanane na zako za kununua. Kampuni inahitaji kanda ichapishwe. Wewe unahitaji muziki utakaousikiliza zaidi ya mara moja. Ukiliona kasha kwa jicho hilo, hutababaishwa tena na maneno kama "kamili" na "halijawahi kusikika". Swali utakalolishika ni lile la mnunuzi yeyote sokoni: ndani yake kuna nini ambacho sina?

Chambua kilichomo, diski kwa diski

Vitu vinavyojaza kasha ni vya aina chache, na kila aina ina thamani yake. Aina ya kwanza ni albamu yenyewe, ile unayoijua, ikiwa imesawazishwa sauti upya kutoka kanda za asili. Kazi hii wakati mwingine ni ya maana kweli. CD za Beatles zilitoka mwaka 1987 na zikabaki vilevile hadi Septemba 2009, miaka 22 ambayo vifaa vya kuhamisha sauti kutoka kanda hadi diski vilikuwa vimesonga mbele sana. Aliyenunua toleo la 2009 alipata sauti tofauti na ile ya zamani. Toleo la Revolver la mwaka 2022 lilikwenda mbali zaidi. Albamu hiyo ilirekodiwa mwaka 1966 kwa mashine ya njia nne, hivyo ngoma, besi na gitaa zilibanwa pamoja kwenye njia moja na haikuwezekana kuzitenganisha. Programu ya kompyuta iliyoundwa na timu ya Peter Jackson alipotengeneza filamu ya Get Back ndiyo iliyowezesha kila chombo kutolewa peke yake na kupangwa upya. Hapo kuna kazi halisi imefanyika, na matokeo yake hayakuwezekana miaka kumi nyuma.

Lakini kusawazisha upya kunaweza pia kuharibu. Tangu miaka ya 1990 wahandisi wengi wamekuwa wakipandisha sauti ya kila wimbo hadi juu kabisa ili usikike mkubwa kuliko wimbo wa jirani yake redioni. Sehemu za sauti ndogo hupandishwa, sehemu kali hubanwa, na wimbo mzima hukaa kwenye kiwango kimoja kinachochosha masikio. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD, wakaandika malalamiko kudai albamu itengenezwe upya. Kwa hiyo usikubali neno "sauti mpya" kama sifa. Tafuta wimbo mmoja unaoujua vizuri katika toleo la zamani na jipya, weka sauti za yote mawili zilingane kwa sikio, kisha sikiliza sehemu ya kimya na sehemu ya kelele. Ikiwa toleo jipya limezidi kwa ukubwa wa sauti tu, hakuna ulichoongezewa.

Aina ya pili ni majaribio ya studio. Kasha la Dylan la mwaka 2015, The Cutting Edge, liliuzwa kwa saizi tatu: CD 2, CD 6 na CD 18. Katika lile la CD 6, diski nzima imetengwa kwa wimbo mmoja tu, Like a Rolling Stone, uliorekodiwa tarehe 15 na 16 Juni 1965. Siku ya kwanza unausikia ukichezwa kwa mapigo ya waltz, ukiyumba bila kupata miguu. Siku ya pili, kwenye jaribio la nne, unasimama na kuwa wimbo tunaoujua, halafu bendi inaendelea kujaribu tena na tena bila kulifikia tena jaribio lile. Kwa mpiga gitaa anayejifunza namna wimbo unavyoundwa, diski hiyo ni darasa. Kwa msikilizaji anayetaka kustarehe jioni baada ya kazi, ni wimbo mmoja uliovunjwa vipande kama ishirini. Kasha ni lilelile, na thamani yake inabadilika kulingana na wewe ni nani. Jiulize kwa ukweli uko upande gani kabla ya kushawishika kuwa "kamili" ni bora kuliko "teule".

Aina ya tatu ni maonyesho ya jukwaani, na hapa ndipo mara nyingi kuna muziki mpya kweli, kwa sababu bendi nzuri haichezi wimbo vilevile mara mbili. Aina ya nne ni video na diski za sauti ya kuzunguka chumba. Aina ya tano ni mapambo. Kasha la Pink Floyd la mwaka 2011 la albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, lilikuwa na skafu, gololi za kioo na vibao vya kuwekea glasi. Kitu kama hicho kina bei, na bei hiyo imo ndani ya ile uliyotajiwa. Kizuri chajiuza; ukiona skafu imewekwa ndani ya kasha la muziki, jiulize ni nini kilichoshindwa kujiuza chenyewe.

Piga hesabu ya kile usichokuwa nacho

Watu wengi huligawa kasha kwa idadi ya diski, wakaona kila diski imetoka bei nafuu. Hesabu hiyo inampendelea muuzaji. Hesabu sahihi ni ya kuligawa kwa idadi ya diski utakazozipiga. Tuseme kasha la diski 6 litafika mkononi mwako kwa shilingi 18,000, usafiri na kodi zikiwemo. Diski ya kwanza ni albamu ambayo unayo tayari. Ya pili ni albamu hiyohiyo iliyopangwa upya sauti. Ya tatu na ya nne ni majaribio ya studio. Ya tano ni onyesho la jukwaani. Ya sita ni Blu-ray. Chukua kalamu ukate. Ya kwanza inakatwa. Ya sita inakatwa ikiwa huna mashine ya kuisomea. Kwa diski 6 muuzaji angekuambia ni shilingi 3,000 kila moja; sasa zimebaki nne na kila moja imekuwa 4,500. Sikiliza majaribio ya studio mtandaoni mara moja, kwa bando lako la kawaida. Ukiona hutayarudia, kata zote mbili. Zimebaki mbili kwa 9,000 kila moja, na moja kati yake ni albamu unayoijua kwa sauti iliyosahihishwa kidogo. Kilichobaki kipya ni onyesho moja, na swali sasa limekuwa rahisi: je, onyesho hilo haliuzwi peke yake?

Mara nyingi huuzwa, ukingoja. Novemba 2016 Pink Floyd walitoa kasha la The Early Years lenye diski 27. Kati ya hizo, 8 zilikuwa Blu-ray zilizorudia yaliyokuwa tayari kwenye DVD za kasha hilohilo, ili mwenye mashine ya aina yoyote ahudumiwe. Mnunuzi wa kawaida, mwenye mashine moja, alilipia zote. Miezi michache baadaye, mwaka 2017, juzuu sita kati ya zile za kasha zikaanza kuuzwa moja moja, na aliyetaka miaka miwili tu ya bendi hiyo akanunua miaka miwili tu. Subira hapa ina faida ya pesa taslimu. Isipokuwa kasha limetangazwa kuwa na idadi maalumu ya nakala, usinunue mwezi linapotoka.

Angalia mashine uliyo nayo nyumbani

Nyumba nyingi za Sigor, na za Bomet kwa jumla, husikiliza muziki kwa redio, simu, au woofa yenye tundu la flash na Bluetooth. Gari aina ya Probox lina redio inayosoma flash. Kompyuta mpya za mkononi hazina tena mahali pa kuingiza diski. Santuri inahitaji mashine ya kuchezea, sindano nzuri na umeme usiorukaruka. Vifaa hivi havina kasoro kwa kazi yake, na sidharau woofa. Ila Bluetooth hubana sauti kabla ya kuirusha, na spika moja ya kishindo cha besi haitakuonyesha tofauti kati ya CD ya 1987 na toleo lililosafishwa kwa uangalifu studio. Ukinunua kasha kwa ajili ya ubora wa sauti huku ukisikilizia woofa, unanunua kitu ambacho chumba chako hakiwezi kukupa. Fedha hiyohiyo ikinunua spika mbili nzuri au visikizi vya waya vya kichwani, itaboresha kila wimbo ulio nao, ukiwemo ule wa flash. Ikiwa bajeti inatosha kitu kimoja, anza na spika. Kasha lije baadaye, kama litakuwa bado linakuvutia.

Kazi nzuri ya kukusanya inafananaje

Ili uitambue kazi ya kukusanya, huhitaji kwenda mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyejitolea kurekodi muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwake zilikuwamo tatu zenye jina Chemirocha, na ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake kwa chepkong, kinubi chetu cha nyuzi. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sauti yake ilifika kwenye vilima vya chai kwa santuri na gramafoni za wageni, na wasichana hao wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200. Kila rekodi ina kadi yake: mahali, lugha, chombo, jina la mwimbaji pale lilipoandikwa. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilirudisha rekodi hizo kwa jamii zilizoziimba, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai kuzisikia.

Linganisha historia hiyo na kasha la skafu na gololi. Wimbo wa Chemirocha ni wa dakika chache, na sauti yake ni ya mashine ya 1950. Kilichoupa thamani miaka sitini baadaye ni taarifa: kujua nani aliimba, wapi, lini, kwa chombo gani, na kwamba kuna watu waliokwenda kuuliza. Jimmie Rodgers mwenyewe anatupa mfano mwingine. Tangu Agosti 1927, aliporekodi mara ya kwanza mjini Bristol, hadi kifo chake, alirekodi nyimbo kama 110 zilizotawanyika kwenye santuri za kasi ya 78. Mwaka 1992 Bear Family, kampuni ya Ujerumani, ilizikusanya kwenye CD 6 na kitabu cha maelezo. Kasha hilo halikumrundikia mtu majaribio ishirini ya wimbo mmoja. Lilimletea kazi yote ya maisha ya mtu, iliyokuwa haipatikani mahali pamoja. Hapo neno "kamili" lina maana.

Mizani hiyo ilete nyumbani. Kericho mjini kulikuwa na Chandarana, duka na lebo iliyotoa santuri ndogo za benga na za Kikalenjin, zikiwemo za Kipchamba arap Tapotuk, aliyepiga gitaa lililoigwa Bonde la Ufa zima. Santuri hizi zilikuwa za kasi ya 45. Wimbo mrefu ulikatwa ukaanza upande mmoja na kumalizikia upande wa pili, ikakulazimu kuigeuza santuri katikati. Kanda za asili za lebo nyingi za Kenya zimepotea, kwa hiyo atakayezitoa upya itambidi atafute santuri ambazo sindano haijazichakaza, asafishe mikwaruzo bila kuua gitaa, aunge pande mbili ziwe wimbo mmoja, kisha atafute waliopiga ili awaandike majina. Hii ni kazi ya miezi. Soundway ya London ilifanya kazi ya aina hiyo katika Kenya Special ya mwaka 2013 na juzuu ya pili ya 2016, na Ketebul Music waliifanya kwa njia yao katika Retracing the Benga Rhythm ya 2008, iliyokuja na CD, DVD na kitabu. Kwa mkazi wa Sigor, mikusanyo ya namna hii ina muziki ambao flash ya sokoni haina, na maelezo ambayo mtandao hauna. Kwa bei ya kasha moja la roki unaweza kuipata kadhaa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kasha lolote limefanyiwa kazi, tafuta orodha ya yaliyomo na kurasa za maelezo kabla ya kununua. Je, kila wimbo una tarehe na mahali uliporekodiwa? Wapigaji wametajwa kwa majina? Inasemwa sauti imetolewa kanda ya asili au santuri? Kuna mwandishi aliyetia saini maelezo? Franco, mpiga gitaa wa Kongo, alirekodi nyimbo nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuzimaliza, lakini kampuni ya Sterns walipomteua kwenye mikusanyo miwili ya Francophonic, ya 2008 na 2009, walimpa Ken Braun aandike historia ya kila kipindi. CD mbili kila mmoja, zimeteuliwa na kuelezwa, zinamfaa msikilizaji kuliko kumi zilizomwagwa. Kasha lisilo na majina ya waliolitengeneza, waliorekodi na waliopiga, limefungashwa tu.

Hoja za wanaopinga

Atatokea wa kusema kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Tangu Spotify ifike Kenya Februari 2021, na YouTube ikiwepo muda wote, nani alipie diski? Hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana nimekushauri usilipie albamu unayoweza kuisikiliza kwa bando. Lakini ina mipaka. Kilichoko mtandaoni si chako. Januari 2022 Neil Young aliondoa nyimbo zake Spotify kwa ugomvi usiomhusu msikilizaji, na zilirudi Machi 2024 tu. Waliokuwa na diski hawakukosa kitu. Pia, santuri nyingi za Kenya zilizopandishwa YouTube zimerekodiwa kwa kifaa duni, hazina tarehe, na majina ya wapigaji yamekosewa. Mtandao unakuonyesha wimbo. Mkusanyo mzuri unakueleza wimbo. Ukishaamua hutaki maelezo, mtandao unatosha, na hilo si kosa.

Wa pili atasema kasha ni rasilimali, litapanda bei. Baadhi hupanda, hasa yenye nakala chache. Lakini mnunuzi wake yuko Ulaya, Marekani au Japani, na wewe uko Chepalungu. Utalipia usafiri wa kulirudisha, utabeba hatari ya kuvunjika njiani, na atakulipa kulingana na hali ya kadibodi ambayo imekaa katika ukungu wa nyanda za juu. Anayetaka rasilimali ana ng'ombe wa maziwa na vipande vya shamba vya kufikiria kwanza.

Wa tatu husema ananunua ili kumsaidia mwanamuziki. Nia ni njema, ila fuata pesa inakokwenda. Rekodi nyingi za zamani za roki na kantri zinamilikiwa na kampuni. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, na kampuni yake iliendelea kutoa nyimbo "mpya" kwa miaka mingi, ikiongezea vyombo juu ya sauti aliyoiacha. Mwaka 1981 ulitoka hata wimbo wa pamoja kati yake na mwimbaji Patsy Cline, aliyekufa Machi 1963. Wahandisi waliwaunganisha studio wakati wote wawili wako kaburini. Ukiona kasha la marehemu lenye nyimbo mpya, uliza vyombo viliwekwa lini. Na ukitaka kumsaidia mwanamuziki aliye hai, lipa kiingilio anapopiga Bomet au Kericho, au mtumie kwa M-Pesa ununue kazi yake mkononi mwake.

Wa nne haleti hoja ya pesa. Yeye anapenda kitu chenyewe: uzito wa santuri, picha kubwa, harufu ya karatasi. Mtu huyu simpingi. Kuna furaha ya kumiliki ambayo haiandikwi kwenye hesabu. Ninamwomba jambo moja: aiweke pesa hiyo kwenye fungu la zawadi na mapambo, asiitoe kwenye fungu la muziki akajiambia amenunua muziki.

Ukiamua kununua

Uliza bei ya mwisho, siyo bei ya tangazo. Kasha ni zito, na usafiri hutozwa kwa uzito. Likiingia nchini linaweza kudaiwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na kodi hiyo hukadiriwa kwa thamani ya bidhaa pamoja na usafiri. Mara nyingi ni nafuu kulipitisha kwa jamaa anayekuja nyumbani, ilimradi umwambie mapema, kwa sababu kasha la santuri hula nafasi na uzito wa begi lake. Likija kwa posta au kampuni ya vifurushi, andika anwani kwa ukamilifu: Sigor ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet, pamoja na namba ya simu. Kenya ina Sigor nyingine Pokot Magharibi, na karani aliye Nairobi hana sababu ya kujua unayoikusudia ni ipi. Ukinunua lililotumika, omba picha ya kila diski upande wa chini na ya kitabu, siyo ya kifuniko pekee.

Siku linapofika, hesabu diski na uzipige zote hata kama hutazisikiliza hadi mwisho. Ukigundua kasoro baada ya miezi mitatu hutabadilishiwa. Zihamishe kwenye flash kwa matumizi ya nyumbani ili diski zenyewe zipumzike. Weka kasha likiwa limesimama wima, mbali na ukuta wa udongo na moshi wa jikoni, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua ndefu huotesha ukungu kwenye kadibodi na karatasi kabla haujagusa plastiki.

Na kama unaweza kununua kasha moja tu mwaka huu, pesa ya bonasi ya chai ikiingia Oktoba au maziwa yakilipa vizuri, chagua kwa mpangilio huu. Kwanza, mkusanyo wa mtu au eneo ambalo kazi yake imetawanyika na haipatikani kwa njia nyingine, wenye majina, tarehe na maelezo. Pili, onyesho la jukwaani la bendi unayoipenda, likiuzwa peke yake. Tatu, toleo lililosafishwa sauti, ikiwa umelilinganisha na la zamani na mashine yako inaonyesha tofauti. Kasha kubwa la maadhimisho, lenye kila kitu ndani, liwe la mwisho kwenye orodha. Jamaa yako akikupigia kuuliza akuletee nini, usimtajie jina la kasha kwanza. Mwambie akupigie picha ya ukurasa wa nyuma wenye orodha ya yaliyomo, ukae na kalamu, ukate usichohitaji, kisha umpe jibu.